Nimechelewa Kuzijua Zilipendwa, Nianzie Wapi?

Maswali ya wasomaji kuhusu muziki

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Kisumu, Nakuru na magharibi mwa nchi, na karibu zote zinauliza kuhusu santuri. Nimechagua nne na kuzifupisha. Majina ya walioandika nimeyaacha.

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mhasibu hapa Kisumu na umri wangu unakaribia miaka arobaini. Nilikulia katika nyimbo za injili na za vijana wa Nairobi, na muziki wa baba zetu niliuhesabu kuwa kelele za baa. Mwaka jana, katika matanga ya mjomba wangu huko Ugenya, fundi wa muziki alipiga wimbo wa Shirati Jazz kutoka kwenye simu yake, nami nikajikuta nimesimama kando ya spika mpaka ukaisha. Tangu siku hiyo nimenunua mashine ya santuri na santuri chache pale Kibuye. Ndugu zangu wananicheka, na wazee wananiuliza nilikuwa wapi siku zote. Je, mtu aliyechelewa hivi aanzie wapi? Na kuna faida gani kuhangaika na santuri ilhali nyimbo zenyewe zimo kwenye simu? – Msomaji wa Kondele, Kisumu

JIBU: Dada yangu, wanaokucheka wasikutie unyonge, kwa kuwa na wao walichelewa kwa namna yao. Aliyekuwa kijana wa Kisumu mwaka 1975 alisikia kile kilichopigwa na redio ya Sauti ya Kenya pamoja na kile alichokipenda mwenye baa ya mtaani kwake, basi. George Mukabi, yule mpiga gitaa wa Kisa, Uluhyani, aliyeupa sifa yake mtindo wa gitaa uitwao omutibo, alikuwa amefariki tangu 1963, na kijana huyo akitaka kumsikia ilimbidi atafute santuri kama unavyotafuta wewe leo. Hata wanamuziki wenyewe walikuwa wanafunzi wa santuri za watu wa mbali. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao sasa unaitwa Likasi, na santuri zake zikafika hadi Nyanza na Uluhyani kwa vijana ambao hawakuwahi kumwona, wakaketi na magitaa yao na kuiga vidole vyake kwa kusikiliza tu. Wapigaji wa Nyanza wakaongeza mapigo ya nyatiti, ile ala ya nyuzi nane, na katika mchanganyiko huo benga, ule muziki wa gitaa wa Waluo, ikapata umbo lake. Kwa hiyo unapokaa sebuleni ukirudisha sindano nyuma ili usikie tena kifungu cha gitaa, unafanya kazi ileile waliyoifanya wao, isipokuwa wewe unaweza kuweka Mukabi na D. O. Misiani, yule kiongozi wa Shirati Jazz, katika jioni moja na ukasikia jinsi mmoja alivyomtangulia mwenzake.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uanze na santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika, na zile kubwa uziache kwa sasa. Najua muuzaji atakwambia kinyume, kwa sababu santuri kubwa ina jalada lenye picha na bei yake inamnufaisha zaidi. Hata hivyo, muziki wa huku kwetu ulitungwa kwa kipimo cha santuri ndogo. Bendi iliingia studio na wimbo mrefu, na wimbo huo ukagawanywa katikati: upande wa kwanza unamalizika sauti ikififia, unaigeuza santuri, na upande wa pili unaendelea pale mwenzake alipoachia. Santuri kubwa nyingi za benga na za rumba ya Nairobi ni mikusanyo ya nyimbo ambazo zilikuwa zimekwisha kuuzwa moja moja, na mara nyingi aliyezikusanya aliangalia zilizouzwa sana badala ya zilizopigwa vizuri.

Upande wa pili huo ndio ninaoutetea popote nikipata nafasi. Chukua santuri yoyote ya Victoria Kings, bendi ya benga ya Ochieng Nelly na Collela Mazee. Upande wa kwanza ni wa habari: waimbaji wawili wanapokezana maneno, gitaa la solo linajibu kila ubeti kwa kifungu kifupi, na besi inatembea chini yao bila haraka. Ukigeuza, maneno yamepungua. Gitaa la solo limeachiwa uwanja, linashika kifungu kimoja na kukirudia huku likikibadilisha noti mbili tatu kila mara, na besi, ambayo ulidhani ni msindikizaji, sasa inagombana nalo. Katikati ya mapigo hayo utasikia mwimbaji akitaja majina: rafiki, mfadhili, mwalimu, mfanyabiashara wa mji fulani, mke wa fulani. Ni tawi la ile desturi ya kusifiana ambayo Waluo huiita pakruok, nawe kama ni mtu wa Ugenya sina haja ya kukueleza zaidi. Nakushauri tu uketi na mmoja wa wazee hao wanaokuuliza ulikuwa wapi, umpigie upande wa pili, umwombe akutajie ni nani hao. Kicheko chake kitageuka kuwa hadithi ya saa nzima.

Jambo la pili ni kusoma lebo, yaani ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati. Wengi huangalia jina la bendi peke yake, na jina la bendi ndilo linalodanganya kuliko yote. Bendi za Nyanza ziligawanyika na kubadilisha majina mara kwa mara. Kundi la Victoria peke yake lilitoa matawi yaliyotofautishwa kwa herufi, na wanamuziki walewale waliweza kurekodi kwa jina jingine kwa ajili ya mtayarishaji mwingine. Anayetaka kufuata nyayo zao afuate majina ya watunzi yaliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la wimbo, pamoja na jina la aliyetoa santuri. Ukiona jina la Chandarana, ujue santuri hiyo imepitia mikononi mwa mfanyabiashara wa Kericho, ambaye duka na studio yake vilikuwa miongoni mwa milango mikuu ya muziki wa Waluo na Wakipsigis. Ukiona Equator, umeingia Nairobi ya miaka ya 1960, kwa akina Fadhili William na Daudi Kabaka, ambaye wimbo wake «Helule Helule» ulirudiwa na bendi ya Tremeloes ya Uingereza mwaka 1968. Phares Oluoch Kanindo naye, ambaye baadaye aliingia Bungeni, alitoa santuri nyingi za benga kwa lebo kadhaa, mojawapo ikiitwa Sungura, na santuri hizo zilipendwa mno kusini mwa Afrika hata mtindo mzima wa muziki wa Zimbabwe ukabeba jina hilo la sungura hadi leo. Kwa maneno mengine, mpiga gitaa wa kijijini Nyanza alikuwa na wanafunzi Harare kabla watu wa Nakuru hawajamjua vizuri.

Kuhusu simu, sikukatazi kuitumia. Mimi mwenyewe huitumia kuonja wimbo kabla ya kuununua. Ila nyimbo nyingi za santuri ndogo hazijawahi kutolewa tena kwa namna yoyote, na zile zilizopandishwa mtandaoni mara nyingi nimezikuta zimekatwa upande wa pili, au zimenakiliwa kutoka kwenye kanda iliyochoka hata mwimbaji anasikika ana mafua. Simu pia haikwambii nani alitunga, nani alitoa, wala namba ya santuri, na bila habari hizo unabaki na wimbo usio na jamaa.

Pale Kibuye usinunue kwa pupa. Itoe santuri kwenye bahasha, ishike kwa kingo zake, iinamishe kwenye jua la pembeni na uangalie mifereji. Mikwaruzo myembamba inayong'aa lakini haishikwi na ukucha haina madhara makubwa. Ule mkwaruzo ambamo ukucha hukwama ndio utakaorusha sindano. Santuri iliyogeuka rangi kuwa ya kijivu mahali penye sauti kubwa imelimwa na sindano nzito, na hakuna kuosha kutakakoirudisha. Angalia pia kama imepinda, kwa maana joto la Kisumu halina huruma kwa kitu kilicholala kwenye bati mchana kutwa. Kwa upande mwingine, usiogope lebo iliyochorwa. Jina la mwenye santuri lililoandikwa kwa kalamu ya wino, namba iliyobandikwa na mwenye baa, mhuri wa duka lililokwisha kufungwa zamani: wakusanyaji wa nje huziona kuwa kasoro na hupunguza bei, nami huziona kuwa nyongeza ya bure.

Mashine uliyonunua, kama ni ile ya sanduku yenye spika ndani yake, itakufaa kwa kuanzia, lakini nyingi za aina hiyo huikandamiza sindano kwa uzito wa gramu tano au zaidi, wakati mashine nzuri huhitaji kama gramu mbili. Badilisha sindano mapema kuliko unavyodhani, na santuri unazozipenda sana usizipige kila siku kwenye mashine hiyo.

SWALI: Mheshimiwa mhariri, marehemu baba alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni, na baadaye mfanyakazi wa reli. Tulipokuwa tukisafisha nyumba yake hapa Nakuru tulikuta sanduku la santuri nzito, nyeusi, baadhi zikiwa na picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni, na nyimbo ni za Kiswahili. Mwanangu anataka kuzisafisha kwa spiriti na kuzipiga kwenye mashine yake mpya. Nimemzuia mpaka nipate jibu lako. – Mwalimu mstaafu, Section 58, Nakuru

JIBU: Umefanya vyema kumzuia, Mwalimu, na endelea kumzuia. Hizo ni santuri za mizunguko 78, na hazikutengenezwa kwa plastiki. Zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa huko India na Thailand, uliochanganywa na unga wa mawe. Spiriti huyeyusha shelaki. Pamba moja iliyoloweshwa inaweza kufuta wimbo ambao umedumu zaidi ya nusu karne. Tumia kitambaa laini chenye unyevu wa maji safi pamoja na tone la sabuni ya vyombo, fuata mduara wa mifereji, usiiloweshe lebo, kisha ikaushe mara moja na uisimamishe wima. Zikilazwa moja juu ya nyingine huvunjika kwa uzito wao wenyewe, na zikianguka sakafuni huvunjika kama sahani.

Mashine mpya ya kijana wako huenda haina mwendo wa 78. Hata kama inao, sindano yake ni nyembamba mno: mfereji wa santuri hizo ni mpana takriban mara tatu kuliko wa santuri za baadaye, na sindano ya kisasa huzama chini na kukwangua vumbi la tangu enzi za ukoloni, ukasikia ukwaruzo mtupu na kudhani wimbo umekufa. Sindano maalumu ya 78 hupatikana kwa kuagizwa na hubadilishwa kwa dakika moja katika mashine zinazoruhusu. Na endapo mna gramafoni ya kupinda kwa mkono, kumbukeni kwamba sindano ya chuma imekusudiwa kupiga upande mmoja tu kisha itupwe, na kwamba santuri ya plastiki ya 45 isiwekwe humo kamwe, maana itachongwa mara moja.

Picha ya mbwa ni alama ya kampuni ya HMV ya Uingereza. Kwa kuwa baba alikuwa askari, ningeangalia kwanza kama kuna jina la mwimbaji na mpiga gitaa Fundi Konde. Naye alihudumu katika jeshi la KAR wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na baadaye akarekodi na mtayarishaji Peter Colmore jijini Nairobi nyimbo ambazo wengi wetu tunazijua kwa sauti za watu wengine. Ukizipata utashangaa jinsi zilivyo fupi. Santuri ya 78 ya kawaida ilibeba takriban dakika tatu kila upande, na mtunzi alipaswa kuingia, kusema lake na kutoka kabla sindano haijafika kwenye karatasi. Fundi Konde aliuweza ubahili huo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu: beti chache, gitaa la kistaarabu, na hakuna neno lililowekwa kujaza nafasi. Ninawapenda watu wa benga kwa moyo wangu wote, lakini wapo kati yao ambao dakika tatu zingewafaa.

Msiziuze santuri hizo kwa sasa, wala msizigawe kwa ndugu kila mtu yake. Andikeni orodha kwanza: jina la wimbo, mwimbaji, namba iliyo kwenye lebo, na ile namba iliyochorwa kwenye sehemu laini kati ya mifereji na lebo, kwani hiyo ndiyo inayotambulisha rekodi hata lebo ikiharibika.

SWALI: Kuna mtu amenifuata sokoni Luanda akitaka kununua sanduku zima la santuri za marehemu mjomba, za Kiluhya na Kiluo, kwa bei moja ya jumla. Anasema ananunua kwa niaba ya mzungu. Nimpe? – Mfanyabiashara, Luanda, Vihiga

JIBU: Usimpe leo. Santuri ndogo za Kenya za miaka ya 1970 zina wanunuzi Ulaya, Marekani na Japani, na anayetaja bei ya sanduku bila kutoa hata santuri moja ameshakisia kwamba ndani kuna mbili tatu zitakazolipa gharama ya zote. Simlaumu, hiyo ndiyo biashara, na wewe kama mfanyabiashara unaijua. Zitenge: zile zilizoharibika, zile za bendi zilizouza sana na ambazo nakala zake ni nyingi, na zile ambazo hujawahi kumsikia mtu akizitaja. Kundi la tatu ndilo analolitaka. Omba bei ya kila moja, na kabla hujapokea hata shilingi tafuta kijana mwenye mashine na kompyuta akunakilie nyimbo zote, pande zote mbili, pamoja na picha za lebo. Nyimbo kadhaa za gitaa za Uluhyani zimetolewa upya ng'ambo kwa juhudi za watu wa huko, nami nafurahi kuzisikia tena, lakini inachosha kumwona kijana wa Khwisero akilipa bei ya Ulaya kwa wimbo uliopigwa kwanza na jirani ya babu yake. Ukimaliza kunakili, uza unachotaka kuuza.

SWALI: Nina santuri nyingi za zamani nilizozinakili kwenye kompyuta. Je, naweza kuzipandisha mtandaoni kwa kuwa ni mali yangu? – Msomaji, Bungoma

JIBU: Santuri ni mali yako, wimbo ni wa wengine. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, rekodi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliyorekodiwa, na utunzi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Hizo ni hesabu mbili tofauti, na wengi huikumbuka ya kwanza tu. Rekodi ya D. O. Misiani ya mwaka 1970 imekwisha kutoka kwenye ulinzi kama rekodi, lakini Misiani alifariki Kisumu mwaka 2006, kwa hiyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2056, na wenye haki hiyo ni warithi wake au yule waliyemkabidhi. Utunzi wa George Mukabi umetoka kwenye ulinzi tangu mwisho wa 2013. Kusikiliza nakala zako nyumbani hakuna atakayekuuliza. Kabla ya kuzipandisha, fanya hesabu hizo mbili kwa kila wimbo, na pale ambapo mtunzi au familia yake wanafahamika waandikie kwanza. Katika sehemu zetu hizi, chifu au mchungaji wa kwao atakufikishia barua hiyo upesi kuliko posta.